Aliyeitikia Hodi Sinemani

Katika nchi yetu ya Neemani hakuna mtu asiye na maoni. Zamani, nasikia, mtu alikuwa anakwenda sinema, anatoka, na njia nzima anahangaika peke yake kutafuta ameonaje. Wengine walifika nyumbani hawajapata. Wengine walipata maoni yasiyofaa, wakalala nayo, na asubuhi wakawaambukiza majirani. Ndipo ikaundwa Bodi ya Maoni ya Watazamaji, na tangu hapo kila mtazamaji hupewa maoni yake mlangoni pamoja na tiketi, kwenye kikadi, ili filamu ikianza awe ametulia.

Mimi ni mtumishi wa Bodi hiyo. Cheo changu ni Msomaji wa Maoni. Filamu ikiisha napanda jukwaani na kipaza sauti, nawasomea watazamaji jinsi walivyoona, nao wanapiga makofi. Ni kazi ya heshima. Mke wangu huwaambia watu kuwa mimi ni fundi wa redio, lakini nadhani anafanya hivyo kwa unyenyekevu.

Nataka kueleza mambo yalivyokuwa kuhusu filamu ya Mji Usioitika, kwa sababu maneno ni mengi mitaani, na mengine nimeyasoma mimi mwenyewe kwa kipaza sauti.

*

Kwanza niseme juu ya Mtondooni. Mtondooni ni mji ambao haukuwahi kukaliwa na mtu. Hilo ni jambo la kisheria. Serikali ilipohitaji mahali pa kujenga uwanja wa ndege wa kimataifa, Waziri wa Ardhi alitangaza kuwa pale ni pori tupu lenye ngedere. Kwa kuwa hapakuwa na watu, hakuna aliyehamishwa, na kwa kuwa hakuna aliyehamishwa, hakuna mwenye haki ya kulalamika. Asubuhi moja malori yakaja, yakawapakia watu hao ambao hawakuwapo, na magodoro yao na kuku wao, yakawashusha pembeni mwa mji mkuu kwenye mtaa wa mabati uliopewa jina la Mtaa wa Shukrani. Uwanja wenyewe haujajengwa. Ndege haijanunuliwa, na wataalamu walishauri kwamba si adabu uwanja kuitangulia ndege.

Likabaki tatizo dogo la nyumba. Zilikuwa zimesimama vilevile, na baraza zake, na visima, na kamba za kuanikia nguo. Wageni waliopita barabara kuu wakawa wanauliza, kama hapakuwa na watu, nani kajenga? Serikali ilijaribu majibu kadhaa. Kuna mwaka tulifundishwa kuwa ni kazi ya mchwa. Watoto wa shule walijibu hivyo kwenye mitihani na wakafaulu, lakini wageni waliendelea kuuliza.

Ndipo alipotokea Shaweji. Alikuwa kijana mwembamba, mwongozaji wa filamu, na kwenye mabango alijiita Prinsi Shezi. Alikuja wizarani kwetu, Wizara ya Utamaduni, Hofu na Burudani, akaingia kwa Waziri, Mheshimiwa Dakta Burhani Mafumo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri kupewa maoni.

"Mheshimiwa, nataka kutengeneza filamu ya kutisha," alisema Shaweji. "Mji mzima umejaa mizuka. Majengo yapo tayari, sihitaji kujenga hata ukuta."

"Hao mizuka," aliuliza Waziri kwa uangalifu, "zamani walikuwa watu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Wamezaliwa mizuka moja kwa moja."

Waziri alinyanyuka akamkumbatia. Jambo lililowashinda mchwa lilikuwa limepata ufumbuzi. Wizara haikuwa na kitu cha kumpa, kwa hiyo ikaichangia filamu mbuzi mmoja, kwa masharti kwamba arudi mzima, na askari wa kumlinda.

Hakuna aliyemuuliza Shaweji aliufahamu vipi ule mji, hata akachora kila kichochoro bila kwenda kuutazama. Alipoulizwa kwao wapi alijibu, "Mjini," na sote tukaridhika.

*

Filamu yenyewe haikuwa mbaya sana ukiitazama kwa upendo. Binti mmoja mwandishi wa habari anaharibikiwa gari karibu na mji wa mizuka, anaingia kutafuta maji ya rejeta. Mizuka wote waliigizwa na mtu mmoja aliyejifunika chandarua, kile cha msaada cha kina mama wajawazito, na begani yalisomeka vizuri maandishi ya "Hakiuzwi". Damu ilikuwa juisi ya rozela. Kuna mahali mzuka anamuua mwenye duka, kisha unamwona anajilamba vidole. Mbuzi wa Wizara anapita nyuma karibu kila dakika, maana yeye ndiye aliyekuwa mchango wa Serikali na haikupendeza asionekane, na nyuma ya mbuzi inaonekana kofia ya askari. Na katika ukimya wa mji uliokufa linasikika gari la matangazo likiwaita wananchi kwenye mkutano wa chama.

Bodi ilikaa ikaandaa maoni. Kadi za kijani ziliandikwa: "Nimeogopa, lakini nina imani na Serikali." Za njano: "Mizuka ipo, na haina madai yoyote." Kwa wanafunzi: "Nimejifunza." Kwa mabalozi: "Mandhari ni mazuri."

Uzinduzi ulifanyika mchana katika Sinema ya Taifa, kwa kuwa jioni umeme hukatika. Sasa, mchana watu wana shughuli zao, na viti vilikuwa vingi. Mtu mmoja wizarani akakumbuka kuwa Mtaa wa Shukrani umejaa watu wasio na kazi. Yakatumwa mabasi kuwaleta. Nawaambieni kweli, hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Walipoanza kuingia, nilimwona Shaweji akisogea nyuma ya nguzo. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Mama mmoja aliyevaa kanga mpya, jina lake Bi Mwanakombo, alikaa safu ya nyuma kabisa akawa anajipepea kwa kadi yake ya kijani. Nilimsikia akimwambia wa pembeni yake, "Mwongozaji ni mwanangu. Hakunialika, lakini ana mambo mengi, nimekuja tu." Sikulitilia maanani. Mtu akipata jina, huzaliwa upya na akina mama wengi.

Taa zikazimwa. Mzuka wa chandarua alipotokea, watu wa Mtaa wa Shukrani walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Jamani, huyo mzuka ana saa mkononi!"

"Atakuwa anawahi zamu."

"Mbuzi kaigiza vizuri kuliko wote."

Lakini zilipoanza kuonyeshwa nyumba, vicheko vikakatika. Mzee mmoja akasimama kabisa, akaketishwa na askari. Nilishangaa kidogo, maana mizuka iliwachekesha na kuta ndizo zikawanyamazisha. Nilitazama kadi zangu kama kuna maoni ya namna hiyo, na hayakuwamo.

Ndipo yule binti wa filamu akafika kwenye nyumba yenye mlango wa buluu, akasimama barazani.

"Hodi!" akaita.

Kwetu hodi ina taratibu zake ambazo hata Serikali haijazigusa. Unapiga ya kwanza, unasubiri. Unapiga ya pili, unasubiri. Ya tatu isipoitikiwa unageuka unakwenda zako, na huna ruhusa ya kununa. Na anayeisikia hodi akainyamazia, hata kama imepigwa kwa jirani asiyekuwapo, huyo ameutia aibu mtaa mzima. Shaweji alilijua hilo, na ndiyo hila yake pekee katika filamu nzima: hodi tatu, mji mzima, na hakuna wa kuitikia. Hapo palitisha kwelikweli.

"Hodi!" ya pili. Safu za nyuma watu walianza kujisogezasogeza kwenye viti.

"Hodi jamani!"

"Karibu!" ilisema sauti kutoka nyuma. "Karibu mwanangu, pita. Usukume kwa bega, umevimba na mvua."

Na pale kwenye pazia yule binti akausukuma mlango kwa bega, ukafunguka.

Sijapata kusikia ukelele kama ule. Balozi mmoja alipanda juu ya kiti. Mheshimiwa Waziri alinishika mkono, na nasema kwa heshima zote kwamba alinifinya. Sauti ya nyuma iliendelea taratibu, "Vua viatu hapo, kuna mkeka." Kisha ikashuka, ikawa ya mtu anayewaambia wenzake jambo la kusikitisha. "Kaingia na viatu."

Taa zikawashwa.

*

"Nani ametoa maoni ambayo hakupewa?" aliuliza Waziri.

Bi Mwanakombo alisimama. "Ni mimi, baba."

"Kwa nini umeitikia?"

"Mtu kapiga hodi."

"Kapiga hodi kwenye filamu, mama!"

"Kapiga hodi kwangu," alisema Bi Mwanakombo, akaonyesha pazia kwa kidole. "Pale."

Mwanasheria wa Bodi alimsogelea Waziri akamnong'oneza. Kipaza sauti nilikuwa nimekishika mimi, na kwa bahati mbaya kilikuwa kimewashwa, kwa hiyo mashauriano hayo ya siri yalisikika mpaka barabarani. "Mheshimiwa, Mtondooni hapakuwa na watu. Huyu anasema ni kwake. Basi ama huyu ni mzuka, ama Waziri wa Ardhi alisema uongo." Wakatazamana. Hilo la pili ni kosa la jinai hata kuliwaza.

"Basi ni mzuka," alisema Waziri haraka. "Mzuka anakamatwaje?"

"Sheria haijaeleza."

"Mwongozaji! Njoo hapa. Unamjua mama huyu?"

Shaweji alitoka nyuma ya nguzo. Bi Mwanakombo alipomwona alitabasamu, akaiweka kanga yake sawa begani, kama mama anayesubiri kutambulishwa kwa wageni. Kamera zote zikamgeukia kijana. Alimtazama Waziri, akawatazama mabalozi, akatazama viatu vyake vipya.

"Ni mwigizaji tu, Mheshimiwa," alisema. "Tulimpanga akae kule nyuma, aigize mzuka. Ni mbinu ya kisasa."

"Kwa hiyo humjui?"

"Simjui. Tumemwokota mtaani."

Mkono wa Bi Mwanakombo ulibaki begani, juu ya kanga. Kisha akaketi.

Wako wanaosema kijana alimwokoa mama yake, maana wangemfunga. Mimi nilisimama karibu naye na uso wake niliuona. Hakuwa anamwokoa mtu.

Waziri alifurahi mno. Aliniletea kikaratasi, nikasoma kwa kipaza sauti: "Watazamaji wametishwa sana na mwigizaji wa safu ya nyuma, na wanampongeza mwongozaji kwa ubunifu." Ukumbi ukapiga makofi. Bi Mwanakombo naye akapiga, kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga. Masikio yangu yakawaka moto, nikadhani ni homa.

*

Kwa amri ya Wizara, Bi Mwanakombo akawa Mzuka Rasmi wa Taifa. Kila mara filamu ilipoonyeshwa, ilimpasa akae safu ya nyuma, ndani ya kamba nyekundu, hodi ya tatu ikifika aitikie. Filamu ikahaririwa: baada ya hodi ya tatu picha inasimama, binti barazani, mkono mlangoni, mpaka karibu isikike. Tulimzungusha wilaya zote, tukizunguka na yeye, mbuzi na kadi mpya. "Mzuka wa safu ya nyuma umenitisha ipasavyo." Posho yake ilikuwa soda.

Watu wakamwogopa kweli. Watoto wa Mtaa wa Shukrani, ambao alikuwa akiwapa ukoko wa wali, walianza kumkimbia. Mwuza vitumbua aliacha kupokea kitu mkononi mwake, akawa anamwambia aweke chini. Kisimani walimwachia nafasi kubwa ya kusimama peke yake. Hata wale waliotoka naye Mtondooni, waliojua vizuri yeye ni nani, waliacha kumpitia jioni, kwa kuwa mzuka alikuwa mtumishi wa Serikali na hujui ataripoti nini.

Siku moja, tukisubiri mafundi wafunge pazia, nilimpelekea soda yake. Sijui nilipatwa na nini, nikamuuliza, "Mama, unaionaje filamu?" Lilikuwa swali geni sana mdomoni mwangu. Sikuwa na kadi yoyote mkononi.

Aliwaza. "Chumba cha kushoto hawakukipiga picha," alisema. "Wanaingia ukumbini, jikoni, uani, wanarudi. Cha kushoto wanakipita."

"Kuna nini humo?"

"Hamna kitu. Ndimo nilimojifungulia."

 Mbele kabisa, Shaweji alikuwa ameketi na wakubwa, hajageuza shingo. Hajawahi kuigeuza katika ziara nzima. Filamu ikiisha hutoka kwa mlango wa pembeni.

"Kwa nini hukatai?" nilimuuliza.

"Nikatae nini, baba? Mtu akipiga hodi kwangu ninyamaze?" Alifungua soda, hakuinywa. "Ila nikikiona kile kisogo chake naona haya. Yeye ndiye kafanya, haya naziona mimi. Hebu niambie, wewe msomi, ndivyo inavyokuwa?"

Nilimjibu kuwa nitauliza Bodi. Nilikwenda chooni, nikanawa uso, na nilipojitazama kwenye kioo niliona mtu ambaye si fundi wa redio wala si kitu kingine.

*

Kisha Rais wetu, Baba wa Neema, akatangaza kuwa atakuja kuiona. Wakati huo Shaweji alikuwa ameahidiwa ukurugenzi wa Shirika la Filamu la Taifa, pamoja na gari na dereva, na kilichobaki ni Rais kuogopa. Akiogopa, Shaweji angekuwa mkubwa. Asipoogopa, sote tulijua barabara ya gerezani inapitia wapi.

Rais hupenda filamu na huzilala. Alikuwa amelala tangu mbuzi alipopita mara ya kwanza. Ikafika nyumba ya mlango wa buluu.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi jamani!"

Picha ikasimama, binti barazani, mkono mlangoni. Tukasubiri. Feni za ukumbi zilisikika. Tukaendelea kusubiri. Bi Mwanakombo alikuwa amekaa ndani ya kamba yake, mikono mapajani, anatazama mlango wake na hasemi neno.

Ukimya ukamwamsha Rais. "Mbona hawaitikii?" aliuliza. "Hapo ni kwa watu gani wasio na adabu?"

"Wataitikia, Baba," alisema Waziri, shati limemlowa. Akamwonyesha Shaweji ishara kwa macho. Kisha akanionyesha mimi nimfuate na kipaza sauti, ili Rais asikie mzuka vizuri.

Shaweji alipanda ngazi kuelekea nyuma. Alizipanda taratibu, kama mtu anayekwenda kuchapwa. Alifika, akainama juu ya kamba nyekundu.

"Itikia, mama," alinong'ona.

Bi Mwanakombo hakumtazama. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Kipaza sauti kilipeleka kila neno mbele. Shaweji alitupia jicho kwa Rais. "Mwongozaji."

"Simjui."

Ukumbi ukaguna. Waziri alikuwa akipunga mikono kama anafukuza kunguru.

"Mimi Prinsi Shezi."

"Huyo naye simjui," alisema Bi Mwanakombo, kwa upole ule ule tunaomjibia mpita njia. "Labda umekosea nyumba."

Shaweji alinigeukia. Nilielewa anachotaka, maana ndivyo sote tulivyolelewa. Alitaka nimpe kadi. Nilipapasa mfukoni, nikazitoa za kijani na za njano, na zote mbili tukaziona hazifai. Nikazirudisha. Niliona aibu kubwa, na safari hii sikuisingizia homa.

 Shaweji alikuwa amebakiwa na hodi moja, na alijua. Kisha akavua viatu, vile vipya, akaviweka pembeni mwa kamba.

"Hodi," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Ni mimi, mama. Shaweji. Shaweji wako. Nimezaliwa chumba cha kushoto, nilishindwa kukipiga picha. Nilikukana nawe ulikuwa umeiweka sawa kanga kwa ajili yangu. Nimekuaibisha, mama. Hodi."

Bi Mwanakombo alimwacha asubiri. Wala haikuwa muda mrefu, lakini katika ukumbi ule ilitosha kila mtu kukumbuka nyumba aliyotoka.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Pita."

Shaweji akaruka kamba, akaweka kichwa mapajani mwake akalia bila kujizuia. Na kutoka safu za nyuma, walipokaa watu wa Mtaa wa Shukrani walioletwa tena kwa mabasi, mtu mmoja alisema karibu, akafuata mwingine, mpaka mafundi wakachanganyikiwa wakaiachia picha, na mlango wa buluu ukafunguka.

*

"Hii ni sehemu ya filamu?" aliuliza Rais, akijifuta macho.

"Ndiyo, Baba," alisema Waziri.

"Si kweli, Mheshimiwa," alisema Mwanasheria, ambaye ana tatizo la kusema. "Kijana amekiri mbele ya kipaza sauti kuwa kazaliwa Mtondooni. Kisheria naye ni mzuka. Na hao wote walioitikia wana dalili."

Rais aliwaza kwa kina. "Mizuka inapiga kura?"

"Tangu zamani, Baba."

"Basi isisumbuliwe. Ipelekwe inakokaa mizuka."

Ndivyo ilivyopita Sheria ya Makazi ya Mizuka. Mzuka yeyote aliyethibitishwa aliondolewa mji mkuu na kusafirishwa kwa lori la Serikali hadi Mtondooni, na kupigwa marufuku kukaa mahali pengine popote. Bi Mwanakombo na Shaweji walikuwa wa kwanza. Ukurugenzi alipewa mtu mwingine, na gari.

Kesho yake nje ya ofisi yetu palikuwa na msururu mpaka sokoni. Mtaa wa Shukrani wote umekuja kukiri.

"Wewe ni mzuka?" niliwauliza mmoja mmoja, kwa mujibu wa kazi yangu.

"Mzuka kabisa, mwanangu," alijibu yule mzee aliyesimama sinemani. "Nianze na magodoro au nianze na kuku?"

Mwuza vitumbua alikuja amejipaka unga usoni, akihofia kuwa ushahidi wake ni mdogo. Nilimpitisha. Nilimpitisha kila mtu. Malori yalipoondoka, watu ambao hawakuwahi kuwapo walikuwa wanaimba.

Bodi sasa imenituma Mtondooni kukusanya maoni ya mizuka kuhusu sheria mpya. Maoni yenyewe nimekuja nayo, yako kwenye begi: "Tunaishukuru Serikali kwa kututisha." Ninachotakiwa ni kuyasoma tu.

Nimefika adhuhuri. Nguo zimeanikwa kwenye kamba. Kamera haikusema uongo, mlango ni wa buluu na umevimba chini. Ndani nawasikia wanakula. Shaweji anasimulia jambo na mama yake anacheka, na kuna harufu ya samaki wa nazi iliyonikumbusha kuwa mimi pia nilikuwa na kwetu, kabla ya cheo.

Nilipiga hodi.

"Nani?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Serikali," nilisema.

"Hatuijui," alijibu kwa upole. "Haijawahi kukaa huku."

Nikasubiri kama inavyotakiwa. Nikapiga ya pili.

"Nani?"

"Msomaji wa Maoni."

Kikapita kimya cha watu wanaotazamana juu ya sahani. "Huyo naye hatumjui," alisema.

Basi nimekaa hapa barazani, begi miguuni, viatu nimevua. Jua limenifikia. Nimebakiwa na hodi moja, na tangu adhuhuri natafuta jina la kusema wakiniuliza.